Dawa ya mbegu za mwarobaini: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikagoma

Kila msimu wa mboga swali huja lilelile: "Nimepiga mwarobaini mara mbili, viwavi bado wanamaliza kabichi. Tatizo nini?" Nikiuliza dawa ilitengenezwaje, majibu hayapishani sana. Majani yalichemshwa. Maji yake yakakaa wiki nzima kwenye dumu. Yakapigwa saa nne asubuhi, jua limeshapamba moto. Kesho yake mtu akaenda kutafuta mizoga ya viwavi, hakuiona, akamwaga dumu lote chini ya mwembe.

Siwacheki, maana nami nilianza hivyohivyo. Bustani yangu ya kwanza ya sukuma wiki niliinyunyizia supu ya majani, na viwavi walinenepa.

Kosa letu linatoka jikoni. Mti huu tumeujua kupitia sufuria. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wanaouita nimba, wanautumia gome, majani, maua na mafuta. Huku kwetu jina lenyewe limebeba maradhi arobaini, na wapo watu wa Pwani ya Kenya wanaouita mkilifi. Tumezoea: chemsha majani, yakiwa machungu ndiyo dawa. Kwa kumwogesha mwenye upele, sawa. Shambani kazi ni nyingine.

Kinachomzuia mdudu zaidi ya vingine kinaitwa azadiraktini. Kimejaa kwenye kiini cha mbegu, na kwenye majani ni kidogo mno. Kina maadui wanne: jua, joto, maji yenye chokaa na kukaa muda mrefu. Hatua karibu zote hapa chini ni za kukikinga na hao wanne.

Jambo la pili la kukaa nalo kichwani ni kwamba dawa hii haiui papo hapo. Kiwavi akila jani lililopigwa, hamu ya kula humwisha, na akifika wakati wa kujivua ngozi ili akue, anashindwa. Anadumaa, kisha anakufa. Ukitaka wadudu wadondoke mbele ya macho yako, utaona imegoma hata pale ilipofanya kazi.

## Vifaa vya bomba moja la lita 15

- Viini vya mbegu vilivyobanguliwa na kukauka: gramu 750. Kama huna muda wa kubangua, mbegu pamoja na maganda yake kilo moja na nusu.
- Maji lita 15, ya mvua ukiyapata.
- Kinu na mchi vya kazi hii tu. Uchungu wa mwarobaini ukiingia kwenye kinu cha kisamvu hautoki, na atakayelaumiwa ni wewe.
- Ungo wa kupepetea.
- Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko.
- Vipande viwili vya kitambaa cha pamba. Kanga kuukuu inafaa sana.
- Sabuni ya maji kijiko kimoja cha mezani, au kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichokunwa.
- Bomba la mgongoni lililooshwa vizuri. Kama lilibeba dawa ya magugu, tafuta lingine.
- Glavu, na kitambaa cha kufunga puani.

Hivyo vipimo ni gramu 50 za viini kwa kila lita ya maji, yaani asilimia 5. Tafadhali pima kwa mizani, hata kama ni kwenda dukani kwa jirani kuazima. "Kopo moja" la mtu mmoja ni nusu ya kopo la mwingine, na dawa nyingi zilizoshindwa nilizoziona zilikuwa nyepesi tu.

## Kwanza hakikisha ni mwarobaini kweli

Kuna ndugu yake anayepandwa sana mijini na mashuleni kwa ajili ya kivuli, mmelia, na watu huwachanganya. Matunda ya mmelia ni sumu kwa mtu na kwa mifugo, kwa hiyo usipite haraka hapa.

Chuma jani moja. La mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, vijani (majani madogo) vimejipanga kushoto na kulia, kila kimoja kimepinda kidogo kama mundu na kingo zake zina meno ya msumeno. La mmelia, kikonyo chake hugawanyika tena kuwa vikonyo vidogo ndipo vijani vianze. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni, la mmelia ni duara kama gololi na huning'inia mtini hata majani yakiwa yamepukutika.

## Hatua ya 1: Okota matunda mapema

Subiri matunda yageuke kutoka kijani kuwa manjano. Tandika turubai au mkeka mkuukuu chini ya mti na uokote kila siku. Popo na ndege hula nyama na kuziangusha mbegu zikiwa safi. Hizo ni zawadi, zichukue.

Usiokote zilizolala siku nyingi kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu ya mwarobaini hushika ukungu upesi, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, ileile inayoharibu karanga na mahindi. Kwa juujuu mbegu yenyewe inaweza kuonekana nzima kabisa.

Mti mkubwa uliokomaa unaweza kutoa hadi kilo 50 za matunda kwa mwaka, kwa hiyo miti miwili ya uani inatosha bustani ya familia na bado ukamgawia jirani.

## Hatua ya 2: Toa nyama siku hiyohiyo

Loweka matunda kwenye maji saa chache, kisha yasugue kwa mikono ndani ya kikapu au chekeche mpaka nyama yote itoke. Suuza mara mbili au tatu. Zinazoelea zitupe, nyingi hazina kitu ndani.

Ukiyaacha matunda yamerundikana usiku kucha, yanachacha na kupata joto. Joto ni adui nambari mbili kwenye orodha yetu.

## Hatua ya 3: Kausha kivulini

Watu hawaipendi hatua hii kwa sababu jua liko pale nje, bure. Lakini jua kali ndilo linaloanza kuila dawa kabla hujaitengeneza. Tandaza mbegu tabaka moja, juu ya mkeka, barazani au chini ya paa penye upepo, uzigeuze mara kadhaa kwa siku. Hesabu siku tatu hadi saba kutegemea unyevu wa hewa. Kwetu Pwani wakati wa masika huenda zaidi.

Zimekauka lini? Tikisa mbegu karibu na sikio, kiini kinagonga ndani ya ganda. Kivunje, kinakatika "tak", hakipindi.

Kisha hifadhi kwenye gunia la katani au kikapu, mahali pakavu penye hewa. Mfuko wa nailoni marufuku: mbegu zinatoa jasho, ukungu unaingia. Kuhusu umri, ushauri wanaopewa wakulima wa Tamil Nadu, India, ni kutumia mbegu zenye kati ya miezi mitatu na minane. Nami naufuata. Andika mwezi wa kuokota kwenye karatasi uitupie ndani ya gunia, kwa sababu baada ya muda mbegu zote hufanana.

## Hatua ya 4: Bangua na uchague, bila huruma

Twanga polepole ili maganda yapasuke, halafu pepeta kwenye ungo. Utabaki na viini.

Sasa kaa chini, mimina kwenye sinia jeupe, uangalie kimoja kimoja. Kizuri kina rangi ya kijani hadi hudhurungi nyepesi na harufu kali inayokaribia kitunguu saumu. Cheusi, chenye unga wa kijivu au chenye harufu ya uvundo, kitupe. Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kusimamia mwenyewe na nyingine zote nimwachie mtu, ningechukua hii. Nimewahi kupokea gunia la mbegu kutoka kwa muuzaji, robo nzima ilikuwa nyeusi ndani. Kama ningetwanga na maganda nisingejua kamwe, ningebaki kulaumu mti.

Ndiyo maana ule mkato wa kilo moja na nusu na maganda siupendi. Ukiutumia, angalau pasua mbegu 20 uone viini vyake kwanza.

## Hatua ya 5: Twanga, lakini usifikie mafuta

Funga kitambaa puani. Twanga viini mpaka viwe kama chenga za mchele au unga wa kukwaruza. Ukiona unga unaanza kung'aa na kushikana kama siagi ya karanga, umepitiliza: mafuta yametoka, na donge hilo halitapenywa na maji vizuri. Ni bora kutwanga kidogo kidogo, mikupuo mitatu au minne.

Twanga siku ya kutumia. Kiini kizima hujihifadhi, unga haujihifadhi.

## Hatua ya 6: Loweka saa 11 alfajiri

Wengi huloweka usiku, kukicha dawa iko tayari, wanapiga asubuhi. Halafu jua linaifuata siku nzima. Geuza ratiba. Loweka saa 11 alfajiri, kaa nayo kivulini, na saa 11 jioni zitakuwa zimetimia saa 12 na jua linashuka. Hiki kitu kidogo kimewaponya watu wengi walionijia na malalamiko, kuliko ushauri wangu mwingine wowote.

Mimina unga kwenye kitambaa, funga kama mzigo, uutumbukize kwenye ndoo yenye lita 10 za maji baridi. Funika. Kila ukipita, uminye mara mbili tatu. Lita 5 zilizobaki ni za kusuuzia jioni.

Kuhusu maji. Azadiraktini haivumilii maji ya magadi au chokaa, na visima vingi vya Pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Kipimo cha nyumbani: osha mikono kwa sabuni. Povu likikataa na mikono ikabaki na utando, maji hayo yana chokaa nyingi, tafuta ya mvua.

Usichemshe, wala usitumie maji ya moto "ili itoke haraka".

Imefanikiwa? Maji yamekuwa meupe kama tui la pili, harufu kali, na ukigusisha ulimi na kutema uchungu wake haukuachi upesi. Maji yakiwa ya hudhurungi na mepesi kama chai ya rangi, mbegu zilikuwa kuukuu au vipimo havikutosha.

## Hatua ya 7: Chuja mara mbili, sabuni mwishoni

Minya mzigo kwa nguvu, usuuze kwa zile lita 5, minya tena. Kisha pitisha maji yote kwenye kitambaa cha pili kilichokunjwa. Ukichuja mara moja tu, pua ya bomba itaziba katikati ya tuta la tatu na utaanza kuipuliza kwa mdomo, jambo ambalo sikushauri.

Sabuni iingie sasa, si wakati wa kuloweka. Kazi yake ni kuifanya dawa itandae na kushika kwenye jani la kabichi, ambalo kwa kawaida maji huteleza juu yake kama juu ya jani la yungiyungi. Lakini sabuni nayo ina magadi, kwa hiyo ikikaa na dawa usiku kucha inaidhoofisha. Kijiko kimoja kinatosha. Nyingi zaidi huunguza majani.

## Hatua ya 8: Jaribu kwanza

Kama ni mara yako ya kwanza kwa zao hilo, tengeneza kidogo tu ya jaribio, nyunyizia miche mitatu na usubiri siku mbili ndipo utengeneze ya bomba zima. Kingo za majani zikiungua, punguza viini hadi gramu 25 kwa lita. Nyanya changa ndizo zinazonisumbua zaidi.

Na acha mstari mmoja bila dawa. Bila huo hutajua kama wadudu wamepungua kwa sababu yako au kwa sababu ya mvua. Hesabu viwavi kwenye miche 10 iliyopigwa na 10 isiyopigwa, uandike.

## Hatua ya 9: Piga chini ya jani

Saa 11 jioni au baadaye, upepo ukiwa umetulia. Nyuki nao wengi watakuwa wameanza kurudi mzingani. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache kwa sababu dawa hujitenga.

Elekeza pua ya bomba juu ili upate upande wa chini wa majani, ndiko vidukari na inzi weupe wanakoishi, kisha malizia na moyo wa mche. Kiwavi lazima ale dawa hii ili imdhuru. Sehemu uliyoiruka ni chakula kisafi ulichomwachia.

Lenga viwavi wakiwa wadogo, urefu wa punje ya mchele. Yule mnene wa kidole ameshakaribia kumaliza kula. Huyo mwokote kwa mkono.

Tumia yote jioni ileile. Ya kesho haina nguvu ya leo, na ya wiki ijayo ni maji machungu tu.

## Hatua ya 10: Kagua siku ya 3, siku ya 5, siku ya 7

Siku ya kwanza na ya pili huenda usione kitu. Usirudie kupiga kwa hasira.

Siku ya tatu, angalia matundu na si wadudu. Matundu mapya yamepungua? Kinyesi cha viwavi, zile chembe nyeusi au za kijani kwenye makutano ya majani, kimepungua? Hapo imeshika. Kufikia siku ya tano utakuta viwavi waliosinyaa, weusiweusi, pengine mmoja amekwama nusu ndani ya ngozi yake ya zamani. Hiyo ndiyo picha ya ushindi.

Rudia kila baada ya siku saba, na mvua kubwa ikinyesha rudia mara inapokauka.

## Usichopaswa kukitarajia

Kwa viwavi wadogo wa kabichi na sukuma wiki, naiamini. Kwa vidukari na watoto wa inzi weupe hupunguza, mradi hujachelewa. Mende wagumu waliokomaa wataendelea kutafuna, utitiri mwekundu hausikii sana, na kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, akishaingia ndani ya jani la nyanya au tunda lenyewe, umeshachelewa. Ugonjwa wa ukungu au bakteria ni mlango mwingine kabisa, usiulizie hapa.

## Kwa mahindi, tumia unga

Shamba la mahindi ni kubwa, na bomba linachosha. Changanya unga wa viini na udongo mkavu laini au unga wa mbao, kiasi kwa kiasi, kisha tia ncha ya vidole vitatu kwenye moyo wa kila mche, kama unavyotia chumvi kwenye mboga. Umande na mvua huyeyusha dawa polepole hadi kwa bungua au kiwavijeshi aliyejificha humo. Fanya mahindi yakiwa yamefika magotini, kabla mdudu hajaingia kwenye shina. Ikipita mvua nyingi, rudia.

## Tahadhari za nyumbani

Mboga za majani mimi huacha siku tano hadi saba baada ya kupiga ndipo nichume, na naziosha vizuri. Si kwa kuogopa sumu tu. Mchicha uliopigwa juzi ni mchungu, na mteja wa sokoni akiupata mara moja harudi.

Usimwage mabaki kwenye bwawa la samaki.

Na kwa kuwa ni mwarobaini, kuna atakayesema "hii nayo si dawa, nionje kikombe". Hapana. Watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini wameripotiwa kutapika, kupata degedege na wengine kufariki. Mama mjamzito au anayetafuta ujauzito akae nayo mbali. Mwenye homa akapime malaria zahanati kabla ya kukimbilia sufuria.

Ndoo iandikwe DAWA YA SHAMBA kwa herufi kubwa. Maji yake yanafanana mno na tui.

Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa usiyatupe. Yafukie kidogo kuzunguka mashina ya nyanya au bilinganya, inchi mbili tatu kutoka kwenye shina: yanarutubisha udongo na yanasumbua minyoo fundo ya mizizi. Kitambaa kioshe peke yake.